Gari Lililosimama Lapigwa Faini ya Mwendokasi: Uchambuzi wa Kisa cha Baltimore

Mwezi Aprili 2012, mwenye gari moja aina ya Mazda alitozwa faini ya dola 40 na kamera ya mwendokasi iliyofungwa kwenye barabara ya Cold Spring Lane jijini Baltimore, jimbo la Maryland nchini Marekani. Hati ya faini ilisema gari lilikuwa kwenye maili 38 kwa saa, sawa na kilomita 61, mahali ambapo mwisho ni maili 25, yaani kilomita 40. Kwenye hati hiyohiyo zilichapwa picha mbili za ushahidi. Zote mbili zinaonyesha gari liko palepale kwenye taa nyekundu, taa zake za breki zikiwaka. Kulikuwa pia na kipande cha video cha sekunde tatu. Ndani yake gari halisogei hata kidogo, huku magari ya barabara inayokatiza yakipita mbele yake. Pamoja na hayo yote, hati ilikuwa na saini ya ofisa wa polisi anayethibitisha kwamba amepitia ushahidi na kuona kosa limetendeka.

Habari hiyo ilitolewa na gazeti la The Baltimore Sun mwezi Desemba 2012, nayo ikawa mwanzo wa kuanguka kwa mfumo mzima wa kamera za jiji hilo. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa undani kwa sababu ushahidi wa kumwondolea mtu faini ulikuwa umechapwa kwenye hati ya kumtoza. Picha zilisema kweli, tarakimu ya rada ikasema uongo, na katika mlolongo mzima wa watu waliolipwa kuzitazama picha hizo hakuna aliyekuwa na cha kupoteza tarakimu ikishinda.

Sheria ya Maryland iliyoanza kutumika Oktoba 2009 iliruhusu kamera za mwendokasi katika maeneo ya shule na katika sehemu zenye ujenzi wa barabara. Kwenye maeneo ya shule zinafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Dereva hatozwi mpaka apitilize kikomo kwa maili 12 au zaidi. Kwa hiyo penye kikomo cha maili 25, faini inaanzia maili 37. Wakati ule faini ilikuwa dola 40 tu. Haikuingia kwenye rekodi ya leseni wala haikuhesabiwa na kampuni za bima, kwa kuwa ni shauri la madai, si kosa la jinai. Anayedaiwa ni mwenye gari, si dereva, isipokuwa amtaje aliyekuwa akiendesha. Asiyelipa na asiyekwenda mahakamani huzuiwa kuhuisha usajili wa gari lake.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachouma. Dola 40 ni ndogo kuliko malipo ya siku moja ya kazi kwa watu wengi wa jiji lile, na kwenda mahakamani kunaweza kumaliza siku nzima. Hata anayejua kwa hakika kwamba hakukimbiza gari anapiga hesabu na kuona heri alipe. Akishalipa, faini inahesabiwa kuwa sahihi. Ndiyo maana takwimu za "faini zilizopingwa" hazisemi lolote kuhusu faini zilizokosewa. Jiji la Baltimore lilikuwa likidai kwamba makosa ya kamera zake hayafiki hata robo ya asilimia moja. Ni vigumu kupata zaidi ya hapo pale ambapo kugundua kosa kumeachiwa mtu ambaye kulinyamazia kunamgharimu kidogo kuliko kulisema.

Sasa tuje kwenye mtambo wenyewe. Kamera za aina hii hupima mwendo kwa rada. Mawimbi hutumwa, yanagonga kitu kinachosogea na kurudi yakiwa na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyobadilika, na mabadiliko hayo yanageuzwa kuwa mwendo. Rada haijui namba za gari. Inajua tu kwamba kitu fulani mahali fulani kimesogea kwa kasi fulani. Kamera ndiyo inayopiga picha ya kilichomo ndani ya fremu wakati huo, kisha programu inaunganisha kasi na picha. Kosa kubwa linajificha kwenye muungano huo. Mawimbi yakigonga ubavu bapa wa lori au basi yanaweza kuruka kama mwanga kwenye kioo, yakaenda kugonga kitu kingine na kurudi na kasi isiyo ya gari lililopigwa picha. Kampuni ya Xerox, iliyokuwa mkandarasi wa jiji, ilieleza makosa yaliyojitokeza kwa njia hiyo ya tabia za mawimbi ya rada. Kwa gari lililosimama kabisa, maelezo yenye mantiki ni ya namna hiyo tu: kasi ilitoka kwa kitu kingine, picha ikatoka kwa Mazda.

Kuna kosa la pili, la kimyakimya zaidi, ambalo halimpati aliyesimama bali anayekwenda kwa mwendo wa kawaida. Rada iliyo pembeni mwa barabara haitazami gari uso kwa uso, inalitazama kwa pembe. Kwa hiyo kasi inayosomwa ni ndogo kuliko ya kweli, na programu inairekebisha kwa kuigawa kwa kosaini ya pembe hiyo (namba ya trigonometria inayopungua kadiri pembe inavyokua). Kamera ikifungwa sawasawa hakuna tatizo. Chukua programu iliyowekewa pembe ya digrii 25, wakati fundi ameifunga kamera ikawa na pembe ya digrii 15. Kosaini ya 25 ni 0.906, ya 15 ni 0.966. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza unapata 1.066, yaani kila gari linaongezewa takriban asilimia 6.6. Dereva wa maili 35 anasomeka 37.3. Maili 35 penye kikomo cha 25 ni kukimbiza gari, hilo halina ubishi, lakini hakufikia kiwango cha kutozwa na kamera, na hati inasema amefikia. Nguzo iliyogongwa na lori ikainama kidogo inatosha kuleta hali hiyo, na hakuna atakayeiona kwa macho.

Watetezi wa kamera hujibu kwamba mitambo hukaguliwa. Ni kweli. Sheria ya Maryland inataka mwendeshaji awe amefunzwa, ajaze daftari la majaribio ya kila siku, na mtambo upimwe kila mwaka na maabara huru. Lakini angalia vipimo hivyo vinathibitisha nini. Maabara inathibitisha kwamba rada inasoma masafa kwa usahihi. Jaribio la asubuhi linathibitisha kwamba vifaa vya ndani vinafanya kazi. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachothibitisha kwamba kasi iliyosomwa saa fulani ni ya gari lililo kwenye picha ya saa hiyo. Cheti cha maabara cha kamera ya Cold Spring Lane kingeweza kuwa safi kabisa, na faini ya Mazda ikabaki kuwa batili.

Kinachoweza kuthibitisha ni picha mbili. Sheria inataka ziwe na muda uliochapwa, na zote zionyeshe kitu kilekile kisichosogea karibu na gari. Sababu ya sharti hilo ni hesabu ya shule ya msingi: umbali ukiugawa kwa muda unapata mwendo. Maili 38 kwa saa ni mita 17 kwa sekunde. Picha zikipishana nusu sekunde, gari lazima liwe limesogea mita 8.5, karibu urefu wa magari mawili madogo. Nchini Uingereza kamera aina ya Gatso zimetumika kwa mtindo huu kwa miaka mingi. Picha mbili hupigwa kwa kupishana nusu sekunde, mistari myeupe imechorwa barabarani kwa vipimo maalumu, na kasi ya rada inalinganishwa na idadi ya mistari ambayo gari limevuka. Rada ikisema moja na mistari ikasema jingine, faini haitumwi. Mazda ilivuka mistari sifuri.

Mwenye gari anaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe. Aanze na muda. Kama picha zimechapwa sekunde kamili bila desimali, hesabu haiwezekani, kwa sababu "sekunde moja" kati ya picha mbili inaweza kuwa chochote kuanzia karibu sifuri hadi karibu sekunde mbili. Hilo peke yake ni hoja ya kupeleka mahakamani. Kama desimali zipo, atafute kipimo cha umbali. Mistari ya katikati inayokatika kwenye barabara za Marekani kwa kawaida ina futi 10 za rangi na futi 30 za wazi, kwa hiyo kutoka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa unaofuata ni futi 40, mita 12.2. Kipimo kingine ni gari lenyewe: umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma umeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, nao kwa magari mengi ya kawaida ni kama mita 2.7. Apime pale tairi la nyuma linapogusa lami kwenye picha ya kwanza, kisha kwenye ya pili. Asipime paa wala namba za gari, kwa sababu vitu vilivyo juu ya lami huonekana vimesogea tofauti kadiri gari linavyokwenda mbali na kamera.

Usahihi wa njia hii una mpaka wake na ni vizuri kuukubali. Ukikosea nusu mita katika mita 8.5, umekosea karibu asilimia 6. Haitoshi kubishania tofauti ya maili 37 na 36. Inatosha kabisa kubishania 38 na 25, na zaidi ya hapo 38 na sifuri. Hakimu anaamua kwa kupima ushahidi wa upande upi unaelemea, hahitaji uthibitisho usio na shaka, kwa hiyo karatasi moja yenye picha mbili, alama ya tairi na mstari mmoja wa hesabu ina uzito mkubwa kuliko maneno "mimi huendesha polepole". Wenye malori wana silaha bora zaidi: kumbukumbu za GPS za gari, zenye muda na kasi, zilizohifadhiwa na kifaa ambacho hakikuwekwa kwa ajili ya kesi.

Kuna mambo mengine ya kutazama kabla ya kulipa. Kwa kamera ya eneo la shule, tarehe iangukie siku ya kazi, ndani ya saa zilizoruhusiwa. Namba zisomeke zote. Taa za breki: zikiwaka katika picha zote mbili, gari lilikuwa likipunguza mwendo au limesimama. Gari jingine ndani ya fremu, hasa kubwa lenye ubavu bapa au lililo njia ya pembeni, ni dalili kwamba rada huenda ilisoma lisilohusika. Video ipakuliwe na kuhifadhiwa mapema. Anayetaka mwendeshaji wa kamera afike mahakamani kuhojiwa lazima aiarifu mahakama na taasisi iliyotoa faini kwa maandishi, si chini ya siku 20 kabla ya kesi. Akichelewa, cheti cha maabara na daftari la kila siku vinapokelewa bila mtu wa kuulizwa maswali. Watu wengi wanaangukia hapo: wanakuja na hoja nzuri, wanakuta kiti cha kuhojiwa ni kitupu.

Lakini mzigo huu wote haukupaswa kumfikia mwananchi. Kabla faini haijatumwa, wafanyakazi wa mkandarasi waliitazama picha, kisha polisi akaitazama na kusaini. Kwa nini wote walipitwa na gari lililosimama? Fikiria ofisa anayepitishiwa faini 1,000 katika zamu yenye urefu wa saa nane. Ana sekunde 28.8 kwa kila moja bila kunywa maji wala kunyoosha mgongo. Katika muda huo anaweza kuthibitisha kwamba namba zinasomeka na zinalingana na aina ya gari. Hawezi kulinganisha picha mbili na kufungua video. Kwa ufupi, alichokuwa akihakiki ni jina la mdaiwa, kosa lenyewe lilikubaliwa kwa imani.

Mkandarasi naye alikuwa na sababu yake. Malipo yake yalikuwa fungu la kila faini iliyolipwa. Sheria ya 2009 ilikataza hilo waziwazi kwa mkandarasi "anayeendesha" mfumo wa kamera. Serikali za miji zikajibu kwamba sisi ndio tunaoendesha, mkandarasi anatusaidia tu, ingawa aliyefunga kamera, kuzitunza, kuchuja picha na kutuma barua alikuwa yuleyule mkandarasi. Kwa tafsiri hiyo katazo likakosa wa kumkataza. Faini sahihi ikilipwa, mkandarasi anapata fungu. Faini ya makosa ikilipwa, anapata fungu lilelile. Faini ikifutwa, amekosa dola chache na hana adhabu. Mfumo uliopangwa hivyo hauhitaji mtu mwovu ndani yake ili uzalishe dhuluma. Unahitaji tu kila mtu afanye kazi yake kwa kasi anayolipwa kuifanya.

Baada ya habari ya Mazda mambo yalikwenda haraka. Xerox ilikiri kwamba kamera tano zilikuwa na makosa ya asilimia 5.2. Mkataba ukahamia kwa kampuni ya Brekford Januari 2013. Aprili mwaka huohuo mfumo ukazimwa kwa makosa mapya, na Desemba jiji likavunja mkataba kwa kuilipa Brekford dola 600,000. Kisha Januari 2014 ikafichuka kwamba jiji lilikuwa na ripoti ya kampuni ya ukaguzi ya URS ambayo halikuitangaza. Ripoti hiyo ilikadiria makosa ya kamera za Xerox kuwa zaidi ya asilimia 10, na asilimia nyingine 26 ya faini zikatiliwa shaka. Xerox iliikataa hesabu hiyo. Kiwango hicho cha asilimia 10 kikipigwa kwa faini zote za mwaka wa fedha 2012, karibu 700,000, zinapatikana takriban faini 70,000 zilizokosewa, dola milioni 2.8. Weka tarakimu hizo kando ya ile "robo ya asilimia" ya awali.

Kwa maoni yetu, kosa zito kuliko yote katika kisa hiki ni ripoti kufungiwa kabatini. Rada kukosea ni jambo la kiufundi. Serikali kujua kwamba imetoza watu isivyo haki, na kukaa kimya bila kuwarudishia, ni jambo la uamuzi.

Hayo hayafanyi kamera kuwa kitu kibaya. Tathmini ya mwaka 2010 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, iliyojumuisha tafiti 35, ilikuta ajali za vifo na majeraha makubwa karibu na kamera zikipungua kwa kati ya asilimia 11 na 44. Mtoto anayevuka mbele ya shule anazihitaji, na kwa sababu hiyohiyo anahitaji ziaminike. Baltimore ilikaa bila kamera hadi 2017, na miaka hiyo yote ni gharama ya mfumo uliokosewa.

Sheria ya marekebisho ya 2014 iligusa mahali penyewe. Malipo kwa kila faini yalipigwa marufuku bila kujali nani anaitwa mwendeshaji. Kila mamlaka inateua ofisa wa kupokea malalamiko, mwenye uwezo wa kufuta faini iliyokosewa bila mtu kwenda mahakamani. Na mkandarasi ambaye zaidi ya asilimia 5 ya faini za mwaka zimekosewa analipa fidia ya angalau nusu ya kiasi cha kila faini iliyokosewa, pamoja na fedha ambazo serikali imerudisha kwa watu. Kwa mara ya kwanza picha ya gari lililosimama ikapata mtu wa ndani ya mfumo anayeumia ikipita.

Pengo lililobaki ni kwamba asilimia 5 ni kizingiti kikubwa. Kwenye faini 700,000 ni faini 35,000. Pia sheria inalazimisha picha mbili bila kulazimisha mtu azipigie hesabu kabla ya kutuma barua, ilhali kompyuta inaweza kuifanya kwa kila faini na kuweka pembeni zile ambazo umbali haulingani na rada.

Haja ya hesabu hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Oktoba 1, 2025, Maryland ilipoacha faini moja ya dola 40 na kuweka ngazi. Kupitiliza kwa maili 12 hadi 15 ni dola 40, 16 hadi 19 ni dola 70, 20 hadi 29 ni dola 120, 30 hadi 39 ni dola 230, na kuanzia 40 ni dola 425. Kumtoza zaidi anayekimbia zaidi ni haki. Ila sasa kosa la pembe lililoelezwa hapo juu halimwingizi tu mtu asiyestahili, linampandisha ngazi anayestahili. Dereva wa maili 43 penye kikomo cha 25 amepitiliza kwa 18 na anadaiwa dola 70. Kamera iliyokosewa kwa digrii kumi inamsoma 45.8, amepitiliza kwa 20, anadaiwa dola 120. Dereva huyo hana la kulalamikia kuhusu kosa lake, na hatagundua kwamba dola 50 kati ya alizolipa zimetokana na nguzo iliyoinama.